Chupa ya Kwinini ya Mama Yannick

Bunia tulipokimbia vita, kila mtu alibeba ujinga wake. Kuna aliyebeba godoro lililokuwa kubwa kuliko mlango wa nyumba yake. Kuna aliyebeba redio isiyo na betri. Mimi nilibeba bidon tupu, dumu langu la mafuta, kwa kuwa mkono wa muuza mafuta haujui kukimbia ukiwa mtupu. Lakini jirani yangu Mama Yannick alitushinda wote: alikuja kambini na gunia la maganda ya miti kichwani, mwanamke mzima aliyesoma, na sufuria moja tu.

Tulimcheka. Nasema wazi kwamba tulimcheka, maana siku zile kicheko kilikuwa kimepungua kuliko mkate na mtu alikiokota popote alipokikuta.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Scholastique. Alizaliwa upande wa Djugu, kwenye vilima vya baridi, baba yake akiwa kibarua katika shamba la mzungu aliyepanda kahawa na mikwinini, miti ya dawa ya malaria. Mzungu alipokwenda zake, baba akachukua miche michache akaipanda kando ya nyumba yake iwe ua. Mtoto akakua akilambishwa unga wa maganda ya miti hiyo kila alipopata homa, akakunja uso, akapona. Naamini ndiyo sababu alipofika shule alitaka kujua ule uchungu unatoka wapi. Alisoma kemia, akafanya kazi Bukavu kwenye maabara ya watu waliotengeneza kwinini, kisha akaolewa Bunia na kufundisha sekondari. Mume wake alikufa kabla ya vita, kwa ugonjwa wa kawaida tu, jambo ambalo baadaye tulikuja kuliona kuwa ni bahati.

Mimi naitwa Kamate, Mnande kutoka Butembo. Nilikuwa nauza mafuta ya taa, ambayo huku tunayaita petrole, na ua wangu ulipakana na wake. Katika vita ile ya makabila mawili mimi sikuwa wa huyu wala wa yule, maana yake pande zote mbili ziliniibia kwa zamu.

Tukiwa bado mtaani, barabara zilipofungwa, dawa ziliisha. Wa risasi walikuwa na kelele zao, lakini waliokuwa wakitumaliza kimyakimya ni mbu. Siku moja Mama Yannick akaja kwangu na bidon.

“Papa Kamate, uniazimie petrole. Nitakurudishia.”

“Petrole banaazimaka namna gani, Mama Yannick? Ikisha kuungua, inarudia wapi?”

“Ya kwangu haitaungua.”

Nikampa ili nione mwisho wake. Nilichungulia juu ya ukuta kama mtu asiye na kazi, na kweli sikuwa na kazi. Alikuwa ameyaponda maganda ya ile miti ya baba yake kwenye kinu, akayakanda na chokaa, ileile ya kupaka ukuta, akayaanika. Kisha akayaloweka kwenye petrole yangu, mbali na jiko, akakoroga, akakamua. Petrole ile aliyoikamua akaitia katika bidon pamoja na maji yenye asidi kidogo ya betri ya gari, akaanza kuitikisa. Nikamwambia kwamba huyo atakayekunywa supu hiyo atakufa kabla mbu hajamfikia.

Alinieleza kama alivyowaeleza wanafunzi wake, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba wa nyuma hawasikilizi. Ndani ya ganda, kwinini imeshikwa na asidi za mti. Chokaa inaimaliza nguvu ile asidi, kwinini inabaki huru, na ikiwa huru haipatani na maji, inapatana na mafuta. Kwa hiyo inaingia kwenye petrole na kuyaacha makapi. Ukiipa asidi tena, inageuka kuwa chumvi, na chumvi hiyo haiyataki mafuta, inahamia kwenye maji. Petrole inabaki juu, mtu anaimimina na kuirudisha kwa mwenyewe.

“Kwinini iko sawa mufanyabiashara ya Mahagi-Port,” akasema. “Akivuka ziwa, iko mutu ya Uganda. Akirudia, iko mutu ya Congo. Sura ni ileile, mutu ni uleule. Anajua tu aongee na nani.”

Petrole yangu alinirudishia, karibu yote. Taa ziliwaka kama kawaida, isipokuwa moshi wake ulikwaruza koo, na wateja wakaniuliza kama nachanganya na mkojo wa mbuzi. Lakini ile sufuria yake ya maji! Aliyachemsha mpaka harufu ikaisha, akayapunguza ukali kwa soda ya mkate, akayaacha yapoe. Asubuhi, chini ya sufuria palikuwa na sindano nyeupe, nyembamba kuliko nywele. Aliziosha, akazikausha, na kila alipohitaji dawa aliziyeyusha kwenye maji ya limau ndani ya chupa. Chupa hiyo ukiishika juani, ukingo wa maji ulitoa mwanga wa buluu, hafifu, wa kupendeza. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yake. Buluu ipo, kwinini ipo.

Wagonjwa wakaja. Walikunywa, wakalaani, wakapona. Mfano wa mfanyabiashara wa Mahagi niliusikia tena na tena juu ya ukuta, kila mgonjwa akipewa pamoja na chupa yake.

Halafu akaacha kuusema. Mwanawe Yannick alikuwa amekwenda upande wa Kilo kutafuta vyakula, na njiani akakuta kizuizi cha wapiganaji. Yannick alikuwa mtoto wa baba wa kabila moja na mama wa kabila la pili. Wakamuuliza baba yake ni mtu wa wapi, akasema kweli. Mwenzake aliyesema uongo alirudi nyumbani, naye ndiye aliyetuletea habari. Waliomuua ni wa kabila lipi sitalitaja, maana nikilitaja itanibidi nichague wa kuchukia, na mimi nawachukia wote kwa usawa.

Yannick aliacha mke, Suzanne, na binti mmoja, Priscille, mwenye macho makubwa na maswali mengi. Suzanne alikuwa msichana mpole, mpishi hodari, asiyeweza kuona hata kifaranga kikilia bila kukiokota. Mama Yannick aliwachukua wote wawili wakaishi naye. Akamwambia Suzanne mbele yangu, “Miye sina tena mutoto mwingine. Njo weye.” “Njo” ya kwetu ni “ndiyo” au “ndiye” ya wengine.

Ilipofika Mei mwaka wa 2003, mapigano yakaingia mtaani kwetu, nasi tukakimbilia kambi karibu na uwanja wa ndege, chini ya maturubai, maelfu yetu juu ya tope. Mvua ilinyesha kama iliyotumwa na adui. Waganga wa kizungu walikuwa wameanza kufika, lakini mikono yao ilikuwa imejaa watu wa risasi na wa panga. Mtoto mwenye homa alisubiri. Hapo ndipo vicheko vyetu juu ya gunia la maganda vilipotutokea puani. Akina mama waliokuwa wakimwita kichaa walikuja wakipiga magoti mbele ya turubai lake.

Tatizo ni kwamba maganda si dawa mpaka yafanyiwe kazi kwa petrole na chokaa, ambavyo kambini havikuwepo, na zile sindano nyeupe, zile zilizokwisha kuwa tayari, alikuwa amezificha nyumbani ndani ya debe la unga, na katika zile mbio hakuwahi kulichukua. Alikuwa na chache tu alizofunga kwenye kitambaa. Na siku hizohizo Priscille akashikwa na homa.

Mama Yannick aliziyeyusha zote alizokuwa nazo, akajaza chupa moja. Akaionyesha juani, buluu ikaonekana. Akampa Suzanne.

“Hii itatosha mpaka apone. Umupatie sawa vile nimekuambia, asubui, midi na mangaribi. Iko kali sana, atalia. Umuache alie.”

“Ndiyo, mama.”

“Usimusikilize.”

“Ndiyo, mama.”

Kisha akaniomba nimsindikize mtaani kuchukua lile debe kwa ajili ya watoto wa wengine. Mjukuu alikuwa na chupa yake. Hesabu ilikuwa sahihi. Tulitoka alfajiri wakati milio ilikuwa imetulia. Debe tulilikuta mahali pake, unga ukiwa umeibwa, kwinini imeachwa chini. Wezi walionja, bila shaka, wakatema. Tulipogeuka turudi, risasi zikaanza tena, tukajikuta tumejibanza ndani ya kanisa pamoja na wengine, siku baada ya siku, hatuwezi kutoka hata kuchota maji. Mimi nilihesabu milio. Yeye alikaa na debe mapajani akisema jambo lilelile, kwamba Priscille ana chupa yake, kwa sasa homa itakuwa imeshuka, kwa sasa atakuwa ameanza kuuliza maswali.

Tulipofika kambini tulimkuta Priscille amelala kwenye mkeka, macho yake makubwa yamegeuka juu, mwili unaruka kwa degedege. Mama Yannick hakulia. Alitengeneza dawa mpya, akajaribu kuitia tone kwa tone kwenye shavu la mtoto. Meno yalikuwa yamefungana. Tulimbeba mpaka kwenye hema la waganga, wakamchoma sindano ya dawa, wakafanya walichoweza. Jua lilipokuwa utosini, alikuwa amekwisha.

Tulimzika kando ya kambi, kwenye udongo mwekundu, watu wengi wakiwa wanazika wao pembeni.

Tuliporudi chini ya turubai, Mama Yannick alimuuliza Suzanne kwa upole, kama mtu anayeuliza kama mvua ilinyesha, “Chupa alikuwa anakunywa?”

“Alikuwa anakunywa vizuri, mama.” Suzanne alikuwa na sauti ya kulia, lakini ndani yake nikasikia fahari ndogo, fahari ya mzazi aliyejitahidi. “Siku ya kwanza alikataa. Alitapika, alilia mpaka sauti ikapotea. Njo nikatia chumvi ya majivu kidogo ndani ya chupa, sawa vile tunatiaka mu mboga ya uchungu. Uchungu ikaisha. Akaanza kunywa bila kulia. Hata alikuwa ananiomba ingine.”

Nani katika Ituri asiyeijua chumvi ya majivu? Wanawake huchoma maganda ya ndizi na mabua, huchuja maji juu ya majivu yake, na maji hayo, au chumvi inayobaki yakikauka, ndiyo hulainisha maharagwe na sombe, majani ya mihogo, na kuondoa uchungu wa mboga. Mama alimfundisha binti, binti akamfundisha wake. Suzanne alifanya kile ambacho mikono yake ilifundishwa tangu utoto kukifanyia kitu chochote kichungu.

“Na mule chini ya chupa?” akauliza Mama Yannick.

“Kulikuwa uchafu mweupe, nikawaza ni majivu. Nilikuwa namupa ya juu tu, yenye kuwa safi. Ile uchafu niliimwaga.”

Nilimtazama Mama Yannick. Uso wake ulikwenda mahali, ukarudi. Akamshika Suzanne kichwa, akasema, “Ulifanya muzuri, mwanangu.”

Kisha akaichukua chupa akatoka nje, nami nikamfuata. Kulikuwa na maji kidogo yaliyobaki. Akaiinua juani. Ilikuwa safi, angavu, kama maji ya kisima. Buluu haikuwepo. Akatia tone ulimini, hakukunja uso.

Hakuhitaji kunieleza, maana somo lile nilikwisha kulisikia juu ya ukuta. Majivu hufanya kazi ya chokaa. Yaliimaliza asidi ya limau, kwinini ikawa huru tena, na humo ndani hamkuwa na mafuta ya kukimbilia. Ikaanguka chini ikawa ungaunga mweupe. Mtoto akanywa maji, na dawa ikamwagwa kwenye tope.

“Lazima umwambie,” nikasema.

Alinigeukia kwa hasira ambayo sijapata kuiona kwake, hata siku ya habari za Yannick.

“Nimuambie nini? Eh, Papa Kamate? Kama ni mukono yake? Yannick walisha kuniulia. Priscille ameenda. Suzanne njo amebakia. Nikimuambia, atabakia nani? Mimi na ukweli yangu, tutakuwa tunapika pamoja?”

Lakini yeye alikuwa mwalimu, na ubaya wa mwalimu ni kwamba hawezi kuliacha kosa ubaoni. Kambi nzima ilikuwa inasubiri chupa zake. Kila mama aliyekuwa pale alikuwa na kifuko cha chumvi ya majivu kwenye upindo wa kitenge, na kila mtoto angelia. Akinyamaza, watoto wa wenzake wangekunywa maji safi mpaka wafe. Akisema, Suzanne angesikia. Nilimwona akizunguka nyuma ya turubai lake kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, mpaka jioni.

Kesho yake aliwakusanya akina mama. Walikuja na watoto mgongoni, Suzanne akakaa nyuma kabisa, kwenye tope, kanga ya kilio kichwani. Mama Yannick alisimama kama yuko darasani. Alikuwa na vikombe viwili vya kioo, sijui aliviazima wapi. Akatia kwinini katika vyote, akaviinua, wote wakaona buluu. Kisha katika kimoja akamimina maji ya majivu. Kikachafuka kuwa cheupe kama maji ya mchele, kikatulia, na ule weupe ukashuka chini. Buluu ikazimika.

“Ile yenye iko chini njo dawa,” akasema. “Huku juu ni maji ya bure. Chumvi ya majivu inaangusha dawa. Musitie. Mutoto alie, mumushike pua, mumufunge mikono, lakini musitie.”

Mama mmoja aitwaye Madeleine, mwanamke ambaye Mungu alimpa mdomo akasahau breki, akauliza, “Na weye ulijua namna gani, Madame?”

Mama Yannick aliviweka vikombe chini.

“Miye njo nilitia,” akasema Mama Yannick. “Mu chupa ya mujukuu wangu. Kabla nitoke hapa. Njo maana alikufa.”

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi. Madeleine hakutosheka. “Weye? Mwalimu ya chimie? Juu ya nini?”

“Mutoto alikuwa analia,” akajibu. “Ilikuwa chungu. Alilia mpaka sauti ikapotea.”

Hayo yalikuwa maneno ya Suzanne mwenyewe. Niligeuka kumtazama. Alikuwa ameinua kichwa, mdomo wazi, rangi imemtoka, na macho yake hayakuwa kwenye vikombe, yalikuwa kwa mama mkwe wake. Nikajua kwamba ameelewa kila kitu.

Madeleine akatikisa kichwa, akaitupa methali, kama tunavyoitupa kwa mzazi anayemdekeza mtoto, bila kujua inakokwenda: “Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe.”

“Njo vile,” akasema Mama Yannick. “Muje na chupa.”

Walikuja. Walipokea dawa yake na kumtukana pembeni. Mwanamke aliyeua mjukuu wake kwa elimu yake, walisema. Masomo yote yale, na hakujua kile anachokijua mbuzi. Wengine waliichukua chupa bila kumtazama usoni. Mimi nilitaka kuwapigia kelele, kuwaambia kwamba miongoni mwao hakuna aliyestahili hata kufua kitambaa chake cha kuchujia, lakini ningewaambiaje bila kumtaja Suzanne? Nikameza hasira, nayo bado iko palepale ilipokwama. Watoto walilia kambi nzima, na wengi wakapona, na hakuna hata mama mmoja aliyerudi kusema asante.

Baadaye ndege zikaleta vidonge vilivyopakwa sukari nje. Mtoto anameza, hasikii kitu. Mama Yannick alikishika kimoja kwenye kiganja, akakitazama kwa muda mrefu, akakirudisha.

Vita ilipopoa tulirudi mtaani. Ukuta wangu na wake ulikuwa umebomoka, kwa hiyo sasa hakuna cha kuchungulia juu yake, naona moja kwa moja. Suzanne hakuolewa tena. Anaishi na mama mkwe wake, analima kiwanja, anapika. Tangu kambini, jambo lile halijatajwa kati yao, wala kwa nusu neno.

Jumapili moja waliniita kula. Suzanne alikuwa ameinjika maharagwe tangu kabla ya misa, na tuliporudi yalikuwa bado yanachemka, na jua lilipoanza kushuka yalikuwa bado yanachemka. Nikataka kumtania kwamba kuni zitaisha Ituri nzima, nikamwuliza kama hana kijiko cha chumvi ya majivu. Nilipolisema tu, nikatamani ulimi wangu ukatike. Alisukuma kuni ndani. Nikatazama jikoni kwake, kwenye ile rafu ambako kila mwanamke wa Bunia ana kifuko chake, nikaona chumvi ya dukani, nikaona mafuta, basi.

Akatupakulia. Maharagwe yaligonga meno kama changarawe. Mama Yannick, ambaye kwa wakati huo alikuwa amebakiwa na meno machache tu, alitafuna polepole, upande mmoja, kisha upande wa pili.

“Yameiva, mama?” akauliza Suzanne. Alikuwa amesimama mlangoni na upawa mkononi, hajakaa bado.

“Yameiva, mwanangu,” akasema Mama Yannick, akasogeza sahani aongezewe. “Ukae sasa, ukule.”